Choma, Chacha, Mafuta: Maneno ya Kila Siku na Mimenyuko ya Misombo ya Kaboni katika Ufundishaji wa Kemia Isiolo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili cha kila siku kinavyoitaja mimenyuko ya misombo ya kaboni, na namna utajaji huo unavyomsaidia au kumpoteza mwanafunzi wa shule ya upili anayejifunza kemia. Mifano imetolewa katika mazingira ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, ambako makaa, maziwa ya ngamia na mafuta ya wanyama ni sehemu ya maisha na biashara. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno kama choma, moshi, chacha, mafuta na kaboni yamebeba maarifa ya kikemia, ila kila moja hufunika pamoja mambo ambayo kemia huyatenganisha. Mwalimu asipoubainisha utengano huo, hasara huwa ya alama za mtihani, na wakati mwingine huwa ya uhai. Mwisho, makala yanapendekeza utaratibu wa kuyatumia maneno hayo darasani bila kuyatupa wala kuyaamini kupita kiasi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Isiolo uko katika barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Marsabit na Moyale. Katika soko lake hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na lugha inayowawezesha kupatana bei ni Kiswahili. Mtoto wa mji huu aghalabu huwa na lugha tatu: ya nyumbani, ya sokoni na ya darasani. Lugha ya darasani la kemia ni Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi; hata hivyo, masomo ya sayansi hayakuhamia katika Kiswahili.

Katika mtaala wa 8-4-4, kaboni na baadhi ya misombo yake ilipangiwa Kidato cha Pili, hidrokaboni Kidato cha Tatu, na alkoholi, asidi za kikaboni, sabuni na polima Kidato cha Nne. Hizi ni mada ambazo mwanafunzi wa Isiolo amezishuhudia tangu utotoni. Amemwona mama akifukiza kibuyu cha maziwa, ameona magunia ya makaa kando ya barabara, na ameonja maziwa yaliyochacha. Tatizo ni kwamba anapoingia maabarani, aliyoyaona hayaitwi kwa majina anayoyajua, na anayoyajua hayaulizwi.

Suala la istilahi si geni kwa wanafunzi wa Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na istilahi nyingi zinazotumika katika makala haya, kama vile mmenyuko, msombo na kimeng'enya, zimezoeleka katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili. Kwa hiyo swali si kama maneno yapo. Swali ni uhusiano gani uliopo kati ya maneno hayo ya kitaalamu na yale ambayo mwanafunzi huja nayo kutoka nyumbani.

2.0 Kaboni na Wingi wa Misombo Yake

Kabla ya kuingia katika mjadala wa maneno, ni vyema kukumbusha jambo la msingi. Atomu ya kaboni huweza kufanya vifungo vinne. Huweza kufungana na hidrojeni, oksijeni, naitrojeni na elementi nyinginezo, na zaidi ya yote huweza kufungana na atomu nyingine za kaboni katika minyororo mifupi, mirefu, yenye matawi au iliyofumbwa kama pete. Ndiyo maana idadi ya misombo ya kaboni inayojulikana huhesabiwa kwa mamilioni.

Mmenyuko wa kemikali ni tukio ambalo vifungo vya zamani huvunjika na vipya hufanyika. Atomu haziumbwi wala hazipotei. Hubadilisha majirani tu. Mwanafunzi akilishika wazo hili moja, ataweza kuuliza swali lifaalo kila anapoona kuni zikiungua au maziwa yakibadilika ladha: je, ile kaboni iliyokuwa humu sasa iko wapi, na imefungana na nini?

3.0 Choma, Ungua na Moshi

3.1 Tanuri ambamo kuni hazipaswi kuungua

Kiswahili kina familia pana ya vitenzi vya moto. Kuni huwaka zinapotoa mwali, kitu huungua moto unapokidhuru, na huteketea kinapoisha kabisa. Mwanakemia anayezungumzia mwako kamili anaweza kuona kwamba kitenzi teketea kinaikaribia maana hiyo: kaboni yote imepata oksijeni ya kutosha na kugeuka dioksidi ya kaboni.

C + O2 → CO2

Kitenzi choma ndicho chenye utata. Watu husema kwamba fulani anachoma makaa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa kuchoma ni kuunganisha kitu na oksijeni atahitimisha kwamba makaa hupatikana kwa mwako wa kuni. Hitimisho hilo si sahihi. Mtengeneza makaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huacha matundu machache ya hewa. Sehemu ndogo ya kuni huwaka ili kutoa joto. Sehemu kubwa hupashwa joto pasipo hewa ya kutosha. Udongo ukipasuka na hewa ikaingia kwa wingi, mwenye tanuri hukimbilia kuuziba, kwa kuwa anajua kuwa kuni zikiungua kweli atavuna jivu badala ya makaa.

Linalotokea ndani ya tanuri ni mtengano kwa joto. Selulosi ya mti hupoteza hidrojeni na oksijeni yake, na kaboni hubaki. Kwa kurahisisha, twaweza kuandika hivi:

C6H10O5 → 6C + 5H2O

Katika hali halisi hutoka pia gesi, lami na asidi ya ethanoiki, na ndiyo sababu moshi wa tanuri ni mzito na mkali puani. Ufundi wa mchoma makaa, kwa hiyo, ni ufundi wa kuzuia mwako. Mchomaji analijua jambo hilo kwa mikono yake, lakini kitenzi anachokitumia kinasema kinyume. Mwalimu hana haja ya kuupiga marufuku msemo wa kuchoma makaa. Anachohitaji ni kuuliza darasani: kwa nini mchoma makaa huogopa hewa? Swali hilo moja hubainisha tofauti kati ya mwako na mtengano kwa joto kuliko fasili ndefu ya ubaoni.

3.2 Hatari isiyokuwa na moshi

Makaa yakishafika nyumbani, utata wa pili huanza. Katika usiku wa baridi au wa mvua, jiko la makaa huingizwa chumbani. Kuni zina moshi, na moshi huwasha macho, kwa hiyo kila mtu huona haja ya kufungua dirisha. Makaa yaliyokolea hayana moshi. Kutokana na hali hiyo hujengeka imani kwamba jiko likishaacha kutoa moshi limekuwa salama.

Neno moshi ndilo linalopotosha hapa. Moshi ni chembechembe na matone madogo yanayoonekana. Gesi inayoua haionekani. Oksijeni inapopungua ndani ya chumba kilichofungwa, kaboni huungua nusunusu:

2C + O2 → 2CO

Monoksidi ya kaboni haina rangi, haina harufu na haiwashi koo. Ikiingia mapafuni, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, ila haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, husinzia, na aliyelala huenda asiamke. Mwanafunzi anayejua kuandika mlinganyo huo kwa usahihi katika karatasi ya mtihani, kisha akaenda kulala karibu na jiko kwa sababu halitoi moshi, amefaulu somo na kushindwa na maarifa. Sentensi moja ya Kiswahili, kwamba makaa yasiyo na moshi yana gesi isiyo na harufu, ina thamani kuliko ukurasa mzima uliokaririwa.

Ni haki kuongeza kwamba mwako usiokamilika una manufaa pia. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hufukiza vyombo vya maziwa kwa vijinga vya miti maalumu. Moshi huo huacha ndani ya chombo misombo ya jamii ya fenoli, ambayo hupunguza ukuaji wa bakteria na kuyapa maziwa harufu inayopendwa. Kwa hiyo mmenyuko ule ule ambao ni hatari chumbani ni njia ya kuhifadhi chakula kibuyuni.

4.0 Chacha na Ganda

Ikiwa choma ni kitenzi chenye utata, chacha ni kitenzi chenye hazina. Kutokana na mzizi huu tunapata chacha, yaani hali ya kubadilika na kuwa kali. Chachua na chachusha, yaani kusababisha hali hiyo. Chachu, yaani kisababishi chenyewe. Uchachu, yaani sifa ya ladha. Na uchachushaji, yaani mchakato mzima. Mwanafunzi aliye na mnyambuliko huu ana ramani ya mmenyuko: mahali pa kuanzia, kisababishi, mchakato na matokeo.

Isiolo ni mahali pazuri pa kuufundisha. Wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapeleka Nairobi, hususan Eastleigh. Adui wa biashara hiyo ni joto na muda. Bakteria waliomo katika maziwa huivunja sukari ya laktosi na kuigeuza asidi ya laktiki:

C12H22O11 + H2O → 4C3H6O3

Joto huongeza kasi ya mmenyuko, na baridi huipunguza. Anayepoza maziwa kabla ya kuyasafirisha anatumia kanuni ile ile ya kasi ya mimenyuko ambayo kitabu huieleza kwa grafu. Kwa upande mwingine, uchachu ukitakiwa na kusimamiwa vyema, maziwa hayo hayo huwa kinywaji ambacho Wasomali hukiita suusac. Kuharibika na kutengenezwa, kwa hiyo, ni mmenyuko mmoja wenye makusudi tofauti.

Mazingira haya yanafundisha jambo jingine ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa kuzingatia maziwa ya ng'ombe hulipita. Maziwa ya ng'ombe yakichacha huganda, na wengi hudhani kuwa kuchacha na kuganda ni tukio moja. Maziwa ya ngamia huchacha bila kufanya mgando mzito, kwa sababu ya mpangilio tofauti wa protini zake. Hapa Kiswahili kimetangulia kutenganisha: kuchacha ni kutokea kwa asidi, ilhali kuganda ni kushikamana kwa protini. Mwalimu aliyeko Isiolo anaweza kuweka vikombe viwili mezani, kimoja cha maziwa ya ng'ombe na kingine cha ngamia, na wanafunzi wakaona kwa macho kwamba vitenzi viwili vinataja matukio mawili.

Hata hivyo, chacha nacho kina mpaka. Togwa, unga wa mandazi na pombe ya nafaka vyote husemwa kuwa vimechacha. Panapokuwa na hamira, mmenyuko mkuu ni huu:

C6H12O6 → 2C2H5OH + 2CO2

Hapa zao ni ethanoli na dioksidi ya kaboni; gesi hiyo ndiyo inayouumua unga. Inafaa basi kutumia vivumishi: uchachushaji wa asidi kwa maziwa, na uchachushaji wa alkoholi kwa hamira.

Haja ya vivumishi huwa kubwa zaidi katika neno pombe. Ethanoli, C2H5OH, na methanoli, CH3OH, hutofautiana kwa atomu moja ya kaboni na mbili za hidrojeni. Kwa jicho na kwa pua ya mnywaji, tofauti hiyo ni vigumu kuitambua. Mwilini, methanoli hugeuzwa kuwa methanali na kisha asidi ya methanoiki, ambayo huharibu neva za macho na kuua. Mnamo Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliwaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine. Somo la alkoholi katika Kidato cha Nne haliwezi kufundishwa kana kwamba tukio la namna hiyo halikutokea.

5.0 Mafuta: Jina Moja, Jamaa Mbili

Dukani Isiolo mtu aweza kununua mafuta ya taa, mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka, na nyumbani akawa na samli na mafuta ya nundu ya ngamia. Jina ni moja. Kikemia, jamaa ni mbili kuu. Mafuta ya taa ni mchanganyiko wa hidrokaboni: kaboni na hidrojeni peke yake. Mafuta ya kupikia na ya wanyama ni esta za gliseroli na asidi za mafuta. Yana oksijeni katika vifungo maalumu.

Tofauti hii hudhihirika katika utengenezaji wa sabuni. Esta ikichemshwa pamoja na hidroksidi ya sodiamu, huvunjika na kutoa gliseroli na chumvi ya asidi ya mafuta, yaani sabuni. Kwa mfano wa stearini, ambayo hupatikana katika mafuta ya wanyama:

C57H110O6 + 3NaOH → C3H8O3 + 3C17H35COONa

Mafuta ya taa hayawezi kutoa sabuni kwa njia hiyo hata yakichemshwa kutwa, na kuyachemsha ni kukaribisha moto. Hayana kifungo cha esta cha kuvunjwa. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba mafuta yakichanganywa na alkali hutoa sabuni amepewa kanuni ambayo lugha yake mwenyewe inaipanua kupita mipaka. Aidha, aonywe kuwa hidroksidi ya sodiamu huunguza ngozi na macho. Kitenzi unguza hapa hakihusu moto, na hilo pia lahitaji kusemwa.

Swali la kwa nini sabuni husafisha hujibiwa na muundo wa molekuli yake. Upande mmoja ni mnyororo mrefu wa kaboni unaopatana na mafuta. Upande wa pili una chaji na hupatana na maji. Molekuli hiyo ni kama mkalimani wa sokoni, anayewaunganisha wawili wasioelewana.

6.0 Kaboni ya Barazani

Katika miaka ya karibuni neno kaboni limetoka maabarani na kuingia katika mabaraza ya wafugaji. Mradi wa kuhifadhi kaboni katika udongo wa nyanda za malisho za kaskazini mwa Kenya, unaohusishwa na Northern Rangelands Trust, huhesabu miaka yake tangu 2013 na umeigusa Kaunti ya Isiolo. Wazo lake ni kwamba malisho yakipangwa vizuri, nyasi hustawi, na mizizi yake huacha kaboni zaidi ardhini. Kiasi hicho huuzwa kama mikopo ya kaboni. Mradi umezua ubishi mkubwa. Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi ya jamii ya Biliqo Bulesa, mojawapo ya zilizomo katika mradi, ilianzishwa kinyume cha sheria.

Makala haya hayakusudii kuamua mgogoro huo. Yanachohoji ni neno. Mfugaji anapoambiwa kwamba kaboni ya ardhi yake inauzwa, ni kitu gani hasa kinachotajwa? Nyasi huchukua dioksidi ya kaboni hewani na kuunda sukari:

6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2

Sehemu ya kaboni hiyo huliwa na mifugo, sehemu hurudi hewani kwa kupumua na kuoza, na sehemu hubaki udongoni. Tani moja ya kaboni iliyoko udongoni si sawa na tani moja ya dioksidi ya kaboni. Gramu 12 za kaboni hutoa gramu 44 za dioksidi ya kaboni. Hivyo tani moja ya kaboni ni takriban tani 3.67 za gesi hiyo. Katika mazungumzo ya kawaida vyote viwili huitwa kaboni. Anayetia saini mkataba bila kujua ni kipi kinachohesabiwa anajadiliana bei ya kitu asichokijua kipimo chake. Hapa hesabu ya moli ya Kidato cha Tatu inageuka kuwa ulinzi wa haki.

7.0 Mapendekezo

Mambo manne yanaweza kumfaa mwalimu. Kwanza, aanze na neno ambalo wanafunzi wanalitumia, awaulize wanamaanisha nini, na aorodheshe maana zote ubaoni. Pili, asilitupe neno hilo bali alifinye kwa kivumishi: mafuta ya hidrokaboni na mafuta ya esta, uchachushaji wa asidi na uchachushaji wa alkoholi. Tatu, aweke mlinganyo kando ya sentensi, maana alama za kemia ni zile zile katika lugha zote na ndizo zitakazomvusha mwanafunzi hadi katika mtihani wa Kiingereza. Nne, kila mmenyuko uambatanishwe na tahadhari au manufaa yake katika maisha.

Yupo atakayepinga kwamba Kiswahili nacho ni lugha ya pili au ya tatu kwa watoto wengi wa Isiolo, na kwamba kukitumia ni kubadilisha ugeni mmoja kwa mwingine. Pingamizi hili lina uzito. Mtoto wa Kiborana ana maneno yake ya maziwa na moto, na yapasa yaulizwe pia. Hata hivyo, darasa la Isiolo lina lugha nyingi, na Kiswahili ndicho ambacho wanafunzi hao tayari wanakitumia wao kwa wao. Hakiletwi kuchukua nafasi ya lugha ya mama wala ya Kiingereza. Ni kivuko kilichopo tayari.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mimenyuko ya misombo ya kaboni si ngeni kwa mwanafunzi wa Isiolo wala kwa lugha aizungumzayo. Kiswahili kimetenganisha kuchacha na kuganda, kimejenga familia nzima ya maneno kutokana na chachu, na kina vitenzi kadhaa vya moto. Wakati huo huo kimeunganisha yale ambayo yafaa yatenganishwe: moshi na gesi, mafuta na mafuta, pombe na sumu, kaboni na dioksidi yake. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili chuoni haiishii katika kusanifu istilahi na kuzichapisha. Inampasa akae na mwalimu wa kemia, wapitie pamoja maneno ya jikoni na ya sokoni, na waulize kila moja linafunika nini. Jiko lililokolea makaa, lisilo na moshi, ndani ya chumba kilichofungwa, ndilo mtihani wa kwanza wa kazi hiyo.